USALAMA SHAMBANI: Mitazamo inayowaponza wakulima na vibarua nchini

METHALI isemayo kwamba ajali haina kinga ndiyo hutajwa mara nyingi zaidi mfanyakazi anapojeruhiwa shambani. Jamaa huitaja kwa nia ya kufariji, naye msimamizi huitaja kwa nia ya kufunga mjadala.

Mjadala ukishafungwa, maswali ya msingi hubaki bila kuulizwa. Je, mashine ilikuwa na kifuniko? Je, kibarua alifunzwa kuitumia? Je, ni nani aliyepaswa kuikagua kabla ya kazi kuanza?

Shirika la Kazi Duniani (ILO) limekuwa likikitaja kilimo kuwa mojawapo ya sekta tatu zenye hatari zaidi kwa wafanyakazi ulimwenguni, pamoja na ujenzi na uchimbaji wa madini. Mnamo 2001, shirika hilo lilipitisha Mkataba Nambari 184 unaohusu usalama na afya katika kilimo. Juni 2022, liliiweka haki ya kufanya kazi katika mazingira salama miongoni mwa haki za kimsingi za mfanyakazi.

Kwa Kenya, suala hili si dogo. Kilimo huchangia takriban moja kwa tano ya pato la taifa, na ndicho tegemeo la familia nyingi za mashambani. Hata hivyo, usalama kazini unapotajwa, wengi hufikiria kiwanda cha vyuma, mjengo wa ghorofa au mgodi. Shamba halihesabiwi kuwa mahali pa kazi; huhesabiwa kuwa nyumbani.

Makala haya yanaangazia hatari zilizopo, mitazamo inayozikuza na yale ambayo sheria inamtaka kila mhusika ayatekeleze.

SHERIA ILIVYOFIKA SHAMBANI

Historia ya sheria nchini inaeleza kwa kiasi fulani ni kwa nini shamba lilisahaulika. Sheria ya kwanza pana kuhusu usalama kazini ilikuwa ya viwanda. Ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1950 na kuanza kutekelezwa 1951. Kama jina lake lilivyoashiria, ilihusu mitambo na majengo ya viwanda.

Katika mashamba makubwa, kiwanda cha chai kilichokuwa katikati ya shamba kiliweza kukaguliwa ilhali mvunaji wa chai aliyekuwa hatua chache tu nje ya ukuta wake hakuwa na mkaguzi wa kumtazama.

Mnamo 1990, sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho na kuitwa Sheria ya Viwanda na Mahali Pengine pa Kazi. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja 2007, Bunge lilipopitisha sheria mpya za leba. Miongoni mwazo ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayofahamika zaidi kwa kifupisho chake OSHA, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, maarufu kama WIBA.

OSHA haibagui kati ya kiwanda na konde. Inahusu kila mahali pa kazi, na hata mtu aliyejiajiri ametajwa humo. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuwa na mazingira ya kazi yanayofaa. Utekelezaji wa sheria hizo mbili za 2007 umo mikononi mwa Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini (DOSHS), iliyo chini ya wizara inayosimamia leba.

Kwa hivyo tatizo lililosalia si ukosefu wa sheria. Tatizo ni kwamba sheria imefika shambani kabla ya fikra kubadilika.

KUDRA NA MAZOEA

Mtazamo wa kwanza ni ule wa kuiona ajali kama kudra. Mkulima aliyekatwa kidole na mashine ya kukata lishe ya ng'ombe husemekana kuwa na bahati mbaya, ijapokuwa mashine yenyewe ilinunuliwa bila kifuniko cha meno na mlishaji analazimika kusukuma majani ya mabingobingo kwa mkono.

Ukichunguza ajali nyingi za aina hii, utapata kwamba zinafanana. Mkono huvutwa ndani pamoja na majani. Nguo pana, leso au mkono wa shati hunaswa na mshipi au ekseli inayozunguka. Mtu hujaribu kuondoa nyasi zilizokwama bila kuzima injini. Jambo linalotokea kwa namna ile ile, kwa mashine ile ile, katika kaunti tofauti, haliwezi kuitwa bahati mbaya. Lina chanzo kinachojulikana na kwa hivyo lina kinga.

Mazoea huuimarisha mtazamo huu. Aliyeendesha trekta kwa miaka 20 bila kupinduka huamini kwamba mteremko wa shamba lake si hatari. Aliyezoea kubeba vibarua juu ya mikokoteni ya miwa huona ajabu akiambiwa kuwa trela si gari la abiria. Miaka mingi bila ajali huchukuliwa kuwa ushahidi wa usalama, ilhali huenda ikawa ni ushahidi wa nasibu tu.

'DAWA' AMBAYO NI SUMU

Mtazamo wa pili umejificha katika lugha yenyewe. Kiswahili cha kila siku hutumia neno moja, dawa, kwa kitu kinachomponya mgonjwa na kwa kitu kinachoua wadudu. Kuna dawa ya malaria, na pia kuna dawa ya kupe, dawa ya panya, dawa ya magugu na dawa ya viwavi.

Neno hilo huleta picha ya kitu chenye manufaa, ambacho kikizidi kidogo hakina neno. Ndiyo maana si ajabu kumpata mkulima akikoroga kemikali kwa kijiti kifupi, mkono ukigusa maji, au akizibua tundu la pampu kwa kupuliza kwa mdomo. Wapo wanaohifadhi chupa zake chini ya kitanda ili zisiibwe, na wapo wanaoosha mitungi mitupu na kuitumia kuwekea maji ya kunywa au mafuta ya kupikia.

Ukweli ni kwamba nyingi za kemikali hizi huingia mwilini kupitia ngozi, si kinywa na pua pekee. Kundi la kemikali zinazoitwa oganofosfeti hushambulia mfumo wa neva. Dalili zake ni pamoja na kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kusinyaa, misuli kutetemeka na, hali ikiwa mbaya, kushindwa kupumua. Kwa mtu anayenyunyiza kila wiki, athari zinaweza kujikusanya pole pole, naye akadhani ni uchovu au homa ya kawaida.

Kunayo pia imani iliyoenea kwamba anayenyunyiza dawa anafaa kunywa maziwa ili kuosha sumu mwilini. Maziwa hayana uwezo huo. Ubaya wa imani hii ni kwamba humpa mtu ujasiri wa kuacha glavu na barakoa kwa kuwa ana pakiti ya maziwa mfukoni.

Lebo ya kemikali ina ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wake: mwekundu ndio ulio hatari zaidi, ukifuatwa na wa manjano, wa samawati na hatimaye wa kijani. Lebo pia hueleza muda ambao watu hawafai kuingia shambani baada ya kunyunyiza. Anayenunua dawa iliyopimwa na kutiliwa kwenye chupa ya soda hapati rangi wala maelezo hayo.

Usajili na udhibiti wa bidhaa hizi hufanywa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu (PCPB), chini ya sheria iliyotungwa 1982. Mnamo 2019, Gladys Shollei, wakati huo akiwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Uasin Gishu, aliwasilisha ombi katika Bunge la Kitaifa akitaka kemikali hatari ziondolewe sokoni. Mwaka wa 2025, Serikali ilitangaza kuondolewa kwa baadhi ya bidhaa hizo na kuwekewa masharti kwa nyingine.

'MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA'

Mtazamo wa tatu unatokana na uhaba wa kazi. Kibarua anayelipwa kwa siku anajua kwamba langoni kuna wengine kumi wanaosubiri nafasi yake. Kuuliza mabuti ni kujitafutia ubaya. Methali mbili humnyamazisha hata kabla ya nyapara kusema lolote: kazi mbaya si mchezo mwema, na mchagua jembe si mkulima.

Mfumo wa malipo nao una sehemu yake. Mvunaji wa chai hulipwa kwa kilo, mkata miwa kwa tani au kwa kipimo cha mistari. Glavu inayopunguza kasi ya vidole humpunguzia pesa. Mapumziko ya kunyoosha mgongo humpunguzia pesa. Kwa hivyo mfanyakazi anapotupa kifaa cha kujikinga, si lazima awe mjinga au mkaidi; huenda amepiga hesabu akaona kwamba kifaa kile kinamgharimu chakula cha jioni.

Fauka ya hayo, kuna suala la ujasiri. Miongoni mwa vijana, hasa wanaoendesha matrekta na wanaopanda miti, anayevaa kofia ngumu au kujifunga kamba huchekwa kuwa mwoga. Katika eneo la Pwani, mgema na mkwezi wa minazi husifiwa kwa wepesi wa kupanda kwa miguu mitupu. Akianguka, familia hupoteza mlezi bila fidia kwa kuwa aghalabu mgema ni mtu aliyejiajiri.

MWAJIRI NA MKULIMA MDOGO

Kwa upande wa waajiri, mtazamo unaotawala ni kwamba usalama ni gharama isiyo na faida. Ovaroli hununuliwa wiki moja kabla ya wakaguzi kufika na kufungiwa stoo baada yao kuondoka. Wapo pia wanaokata bei ya mabuti kwenye mshahara wa kibarua. OSHA inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi kwa jambo lolote linalofanywa ili kumhakikishia usalama.

Ajali kubwa huonyesha kwamba hasara ya kupuuza haiishii kwenye ua la shamba. Mei 2018, bwawa la shamba moja huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wakiwa wakazi wa vijiji vilivyokuwa chini yake.

Mkulima mdogo naye hajioni kuwa mwajiri. Mwenye ekari mbili za kahawa na ng'ombe watatu, anayemlipa kijana mmoja kukata lishe na kukamua, hujiita mkulima tu. Mbele ya sheria, mtu huyo ni mwajiri. Kijana akikatwa mkono, gharama za matibabu na fidia ni juu yake. Wengi hutambua hivyo wakiwa tayari wamefikishiwa barua.

Katika mashamba ya familia, watoto pia hujikuta katikati ya mashine na kemikali kwa kisingizio cha kusaidia wazazi. Takwimu za ILO na UNICEF zilizotolewa 2025 zilionyesha kwamba watoto milioni 138 walikuwa katika ajira ya watoto ulimwenguni mwaka wa 2024, na asilimia 61 kati yao walikuwa katika kilimo. Kumfundisha mtoto kupanda mboga ni malezi. Kumkabidhi pampu ya kemikali ni kumhatarisha.

KILA ZAO NA HATARI YAKE

Hatari hutofautiana kulingana na zao na eneo. Katika mashamba ya chai ya Kericho, Bomet na Nandi, malalamiko makubwa ni maumivu ya mgongo, mabega na viganja yanayotokana na kuinama na kubeba mizigo mizito, mbali na utelezi, baridi na nyoka.

Hapa teknolojia imeleta mvutano wa aina yake. Mashine za kuvuna chai hupunguza baadhi ya mizigo, lakini wafanyakazi huziona kama tisho kwa ajira. Mnamo Mei 2023, mashine kadhaa zilichomwa wakati wa maandamano Kericho. Mwaka huo huo, mnamo Februari, ufichuzi wa BBC kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba ya chai ulikumbusha taifa kwamba msimamizi mwenye mamlaka ya kugawa kazi anaweza pia kuwa hatari ya mahali pa kazi.

Katika vivungulio vya maua vya Naivasha na kwingineko, tatizo kuu ni kemikali katika hewa iliyofungiwa. Wanaoingia kukata maua kabla ya muda uliowekwa kuisha huumia hata kama hawakushika pampu. Wanaofanya kazi katika vyumba vya kufungia maua husimama kwa saa nyingi kwenye baridi.

Majani ya mkonge wa Taita-Taveta na Kilifi yana miiba kwenye ncha, iwezayo kupofusha jicho mara moja, na mtambo wa kutenganisha nyuzi huvuta jani kwa nguvu isiyosubiri mkono kuachia. Katika ukanda wa miwa wa Magharibi na Nyanza, kuna majeraha ya panga, moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya kuvunwa na trela zinazojazwa kupita kiasi.

Wapanzi wa mpunga katika mradi wa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, husimama majini kwa siku nzima, hali inayowaweka katika hatari ya kichocho. Katika maeneo ya ukame na Pwani, nyoka kama moma huwauma watu miguuni wanapolima au kukata kuni. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka wa 2017, na mabuti marefu ni kinga rahisi kuliko tiba yake.

Wafugaji nao hukabiliwa na maradhi yanayotoka kwa wanyama. Mkurupuko wa homa ya Bonde la Ufa kati ya 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini. Waliokuwa katika hatari kubwa ni waliochinja, kuchuna au kuzalisha mifugo wagonjwa kwa mikono mitupu.

GLAVU SI MWANZO WA USALAMA

Kosa moja linalofanywa hata na wenye nia njema ni kudhani kwamba usalama maana yake ni mavazi. Wataalamu wa taaluma hii huweka kinga katika ngazi, na mavazi huwa ngazi ya mwisho.

Ngazi ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Ya pili ni kubadilisha kilicho hatari kwa kingine kilicho nafuu. Ya tatu ni kuweka kizuizi kati ya mtu na hatari, kama kifuniko cha mashine. Ya nne ni utaratibu wa kazi, kama vile mafunzo, zamu na muda wa kutoingia shambani. Glavu, barakoa na miwani hufuata baada ya hizo zote, kwa kuwa hutegemea mtu kukumbuka, kuvaa na kuvumilia joto.

Sekta ya maua inatoa mfano mzuri. Zamani, udongo wa vivungulio ulisafishwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu kali kwa binadamu na huharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana na matumizi yake ya kawaida kufikia 2015. Mashamba mengi yaligeukia mvuke, au yakaacha udongo kabisa na kupanda maua katika mawe mepesi ya volkano na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Hakuna barakoa ambayo ingeweza kumkinga mfanyakazi kuliko kutokuwapo kwa gesi yenyewe.

Mabadiliko hayo hayakutokana na huruma pekee. Wanunuzi wa Ulaya walianza kudai vyeti, na wakuzaji wakaunda Baraza la Maua la Kenya (KFC) mnamo 1996, ambalo lina kanuni zake za utendaji. Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba Makubwa na Kilimo (KPAWU) nacho kimekuwa kikijadiliana na waajiri kuhusu mikataba ya pamoja ya mishahara na mazingira ya kazi. Funzo ni kwamba mtazamo wa mwajiri hubadilika haraka soko, sheria na chama vinapomsukuma kwa pamoja.

Mkulima anayeuza mahindi au maziwa sokoni kijijini hana mnunuzi wa kumuuliza cheti. Hapo ndipo pengo kubwa lilipo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

OSHA inamtaka mwajiri kuhakikisha kuwa mahali pa kazi, mashine na utaratibu wa kazi ni salama, na kutoa mafunzo na usimamizi. Anayewaajiri watu walio katika hatari ya majimaji au vitu vyenye madhara anapaswa kuwapa mavazi na vifaa vya kujikinga. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, sharti kuwe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa pande zote mbili. Ukaguzi wa kina wa usalama unafaa kufanywa angalau mara moja kila miezi 12.

Mfanyakazi naye ana wajibu wa kutumia vifaa alivyopewa, kufuata maagizo ya usalama na kuripoti hatari anayoiona kwa msimamizi wake. Mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa kulalamika kuhusu usalama, wala kumrudisha mahali penye hatari kubwa kabla ya kuirekebisha.

Kuhusu fidia, WIBA inamtaka mwajiri kuwachukulia bima wafanyakazi wake. Aliyeumia akiwa kazini hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea ili alipwe. Kinachotazamwa ni kama jeraha lilitokana na kazi. Aliyelazimika kukaa nje ya kazi kwa siku tatu au zaidi hulipwa kiasi kilicho sawa na mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12, na gharama za matibabu ni za mwajiri.

Anayepata ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa asilimia, kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Kwa mfano, mfanyakazi anayepata Sh15,000 kwa mwezi akikadiriwa kuwa na ulemavu wa asilimia 30, hesabu ni Sh15,000 mara 96, ambayo ni Sh1,440,000, kisha asilimia 30 ya kiasi hicho, yaani Sh432,000.

Kesi nyingi zimezungukia swali la mahali pa kudai. Baada ya mvutano wa miaka kumi, Mahakama ya Juu iliamua Desemba 3, 2019, kwamba WIBA haikiuki Katiba, na kwa hivyo madai yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya kortini. Uamuzi huo ulisikika hadi ng'ambo. Wavunaji chai wa Kericho waliokuwa wameishtaki kampuni iliyosajiliwa Scotland, wakidai kuumia migongo kwa mizigo mizito, walikuta majaji wa rufaa huko Edinburgh wakiisimamisha kesi yao mnamo 2023 ili madai yapitie kwanza utaratibu wa WIBA.

BAADA YA AJALI

Utaratibu huo hauwezi kumfaa mtu ambaye ajali yake haikuandikwa popote. Mwajiri na kibarua mara nyingi humaliza mambo kwa mapatano ya mdomo, nauli ya hospitali na ahadi ya kazi nyepesi. Kazi nyepesi ikikoma baada ya msimu, aliyeumia hana karatasi ya kuonyesha.

Hatua zinazofaa kufuatwa ni hizi. Msimamizi aarifiwe mara moja, na tarehe, saa, mahali na majina ya mashahidi yaandikwe. Mwajiri anapaswa kumjulisha Mkurugenzi katika muda wa saa 24 iwapo mtu amefariki, na katika muda wa siku saba kwa ajali nyingine. Mgonjwa amweleze daktari kwamba aliumia kazini ili jambo hilo liingie katika rekodi ya matibabu. Madai ya fidia yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga, na anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba.

Kwa aliyepatwa na sumu ya kemikali, nguo zivuliwe upesi na mwili uoshwe kwa sabuni na maji mengi. Asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa kama tiba. Apelekwe hospitalini pamoja na chupa au lebo ya kemikali hiyo, kwa sababu daktari huchagua tiba kulingana na jina lililoandikwa pale.

Kwa mwenye shamba dogo, mengi hayahitaji pesa nyingi. Fundi wa kijijini anaweza kutengeneza kifuniko cha bati kwa mashine ya kukata lishe na kurefusha mdomo wake ili mkono usifike kwenye meno. Kemikali zinaweza kufungiwa katika sanduku lenye kufuli, mbali na chakula na watoto. Injini inaweza kuzimwa kabla ya kuondoa majani yaliyokwama, na kijana aliyeajiriwa leo anaweza kuonyeshwa hayo yote asubuhi ya kwanza, kabla hajakabidhiwa kazi.